Bata Aliyeruka Chali

Chigusa aliuona muhuri aliporudi kutoka kisimani, theluji ingali mabegani mwake. Ulikuwa kwenye kona ya juu ya picha, upande wa kushoto, mwekundu, bado mbichi, na ulikuwa umegongwa kichwa chini miguu juu.

Akaweka ndoo. Akapiga magoti kando ya kiambaza, kile kiwambo cha karatasi cha kukunjwa kilichobeba picha, akainamisha shingo mpaka sikio likagusa bega, ndipo akaweza kuusoma: Gantei. Jina la baba yake, lisilo na kasoro nyingine ila kwamba lilisimama kwa kichwa, tena mahali ambapo hakuna mchoraji katika mji mzima wa Yamaguchi, hata aliyeshika brashi jana, angethubutu kugonga muhuri. Muhuri hukaa chini, kwenye ukingo wa nje, kama mgeni mwenye adabu anayekaa karibu na mlango. Huu ulikuwa umepanda darini.

Mzee Gantei alikuwa amelala karibu na moto, macho ameyafumba. Kidole gumba chake kilikuwa chekundu.

"Baba. Umegonga muhuri?"

"Nimegonga. Kazi imekwisha."

"Umefikaje pale? Umetambaa?"

"Mtoto akitambaa watu wanapiga makofi. Nikitambaa mimi unanuna."

Chigusa hakucheka. Aliitazama ile karatasi. Kiambaza kilikuwa kimelazwa sakafuni, vipande vyake sita vimenyooshwa kama mkeka. Kilikuwa nusu ya jozi. Mwenzake, chenye machipuko na kiangazi, kilikwisha kupelekwa hekaluni na watu walikuwa wakienda kukitazama. Hiki kilikuwa na mapukutiko na baridi. Kilianza upande wa kulia kwa mti mmoja uliopukutika, majani yake ya mwisho yakianguka, kisha milima ikapanda, mmoja nyuma ya mwingine, kwa lile pigo la brashi la Kichina linaloitwa pigo la shoka, maana huuacha mwamba kama gogo lililochanjwa. Kisha theluji ikaifunika. Kisha, kwenye kipande cha mwisho kabisa upande wa kushoto, hapakuwa na kitu. Karatasi tupu, na ukungu wa wino mwepesi kiasi kwamba ukipepesa macho huuoni tena. Na huko juu, katika utupu ule, bata bukini mmoja peke yake.

Bata huyo ndiye aliyekuwa aibu ya nyumba. Mabawa aliyainua pande mbili vizuri tu, lakini mwili wake, badala ya kuwa chini ya mabawa, ulikaa juu yake, una nundu, na mguu mmoja mwembamba kama sindano ulielekea mbinguni. Juu yake ulipita mstari wa wingu, basi.

"Anaruka chali," alikuwa amesema Matashiro, mwanafunzi wa mzee, siku alipomwona mara ya kwanza.

"Labda amelewa," Chigusa alikuwa amejibu, wakacheka wote wawili, kisha wakanyamaza ghafla, kwa sababu mzee alikuwa pale pale akiwasikia, naye alicheka kuliko wao.

Tangu baridi ilipoingia, mzee alikuwa amehama. Zamani alipiga magoti chini ya picha kama wachoraji wote. Sasa alikaa upande wa kichwani mwa picha, akasema huko ndiko kuna moto, magoti yanamuuma. Kile kipande cha mwisho alikichora chote akiwa upande huo. Chigusa alimsagia wino kwenye jiwe, akaona brashi ikienda kinyumenyume, akamwonea huruma. Hakusema. Hakuwa mtu wa kusema. Hata sokoni alinyoosha kidole kuliko kutaja jina la figili.

Matashiro alikuja kabla ya chakula cha asubuhi. Alikuwa mwanafunzi wa mzee tangu ndevu zake hazijaota, na sasa alikuwa mtu mzima mwenye mkono mzuri, pengine ulio bora kuliko wote waliobaki mjini. Alisimama juu ya picha, akaona muhuri, akakaa chini polepole.

"Ee, Mwalimu," alinong'ona.

"Amelala," alisema Chigusa.

"Dada, hiki hakiendi hekaluni kikiwa hivi. Watasema Gantei alikufa akiwa hajui juu na chini."

"Hajafa."

"Sijasema amekufa." Alijifuta uso. "Sikiliza. Nitaubandua muhuri, nitie kiraka cha karatasi ile ile, hakuna atakayejua. Bata nitamfunika kwa mlima. Pale pana nafasi ya mlima mkubwa, ule wa kwenye picha ya Kichina, wenye kilele kilichoinama. Yeye mwenyewe alinifundisha. Halafu nigonge muhuri chini, mahali pake. Nifanye kwa heshima yake, Chigusa. Unadhani kwa nini? Kwa kujitafutia sifa?"

Chigusa alijua si kwa sifa. Hilo ndilo lililomtia uzito. Kama Matashiro angekuwa mtu mbaya, angeweza kumchukia. Lakini alisema kwa machozi, na Chigusa alikuwa na kitu kimoja tu cha kumjibu, nacho hakikuwa hoja: hakutaka mkono mwingine uiguse ile karatasi. Ilikuwa kazi ya mwisho ya baba yake. Ikifunikwa, imefunikwa.

"Tungoje," alisema.

"Tungoje nini? Watu wa hekalu wanakuja kuichukua."

Chigusa akainuka. Akaenda kupika uji.

Mzee Gantei hakuwahi kuiona Uchina. Kila mtu alilijua hilo. Hekaluni kulikuwa na picha ndefu ya kuviringishwa iliyokuja kwa meli kutoka ng'ambo, na tangu ujana wake, kila watawa walipoitoa kuianika, alikuwa akienda kukaa mbele yake mpaka waiviringishe tena. Milima ile haikufanana na ya kwetu. Ya kwetu ni ya mviringo, imeota misitu kama nywele za mtoto. Ile ilisimama wima, mawingu yakiwa kiunoni mwake, na mtu aliyepita chini yake alikuwa mdogo kama punje ya ufuta. Mara moja bwana wa mji alimchagua apande meli, akaione mwenyewe. Sanduku lilikwisha kufungwa. Ndipo mkewe akashikwa na uchungu, akajifungua Chigusa, akafa. Meli ikaondoka bila yeye.

Mzee hakulizungumza jambo hilo hata mara moja. Majirani walilizungumza. "Fundi wa milima asiyoijua," walisema, bila ubaya, kama mtu anavyosema fulani ana kigugumizi. Chigusa alikua akijua kwamba yeye ndiye nanga iliyomshika baba yake. Kila alipouzungusha mche wa wino juu ya jiwe na maji yakawa meusi, alifikiri habari hiyo. Mara moja tu, akiwa msichana, alipata ujasiri wa kuuliza.

"Baba, ulitaka kwenda?"

"Nitakwenda," mzee alijibu, bila kuinua uso. "Njia naijua. Ongeza wino, huu ni wa kuandikia barua."

Jioni ile ya siku ya muhuri, mzee alimwita Chigusa.

"Umeiona?"

"Nimeiona, Baba."

"Umeona nini?"

Chigusa alitafuta neno la kumfurahisha. "Milima. Theluji nzuri sana."

"Hujaona," mzee alisema, na akatabasamu kama mtu aliyeficha tunda nyuma ya mgongo. "Si neno. Mwambie Matashiro asikiguse mpaka nilale mbele yake."

"Umelala mbele yake sasa hivi, Baba. Kipo hapo miguuni."

"Hapa nimejilaza," alisema mzee. "Kulala ni kitu kingine."

Matashiro alipoambiwa, alitikisa kichwa. Homa, alisema. Chigusa naye aliamini ni homa.

Gantei alifariki alfajiri ya siku iliyofuata, wakati theluji imesimama na paa zote zimenyamaza. Bibi Tane wa nyumba ya pili ndiye aliyekuja kwanza, amefunga kichwa kitambaa, mikono imekunjwa tayari. Alikuwa amewaandaa wafu wa mtaa mzima na aliwasemesha kama watoto wanaokataa kuoga.

"Haya, mzee wangu, nyanyua mkono. Maisha yako yote hukutaka kusumbua mtu, usianze leo. Chigusa, mjukuu wangu, lete maji. Baridi kwanza, halafu ya moto juu yake. Kinyume, kinyume. Leo kila kitu kinyume."

Wakamwosha. Wakamvika vazi jeupe, upande wa kulia ukalazwa juu ya wa kushoto, kama wasivyovaa walio hai. Wakamgeuza kichwa kaskazini. Bibi Tane akamwekea kisu kidogo cha kufukuza pepo kifuani na kitambaa cheupe usoni, akasimama, akaangaza huku na huku.

"Kiambaza kiko wapi? Cha kumsimamishia kichwani, juu chini, kama maiti wote."

Chigusa alitazama ukutani. Kile cha kwao cha zamani kilikuwa kimeliwa na panya, wakakipasua wakatumia mbao zake kwa kingine.

"Hatuna, Bibi."

"Hamna! Nyumba ya kutengeneza viambaza, haina kiambaza! Nikifa nyumbani kwa mpishi msinitafutie wali." Macho yake yakatua sakafuni. "Na hicho?"

Matashiro alikuwa kwenye kona, amekipa chumba mgongo. Alikuwa ameanza kusaga wino. Chigusa alikuwa akiisikia ile sauti tangu walipokuwa wakimwosha marehemu, kuru, kuru, kuru, na kila mzunguko ulimpita kifuani. Alikuwa ameamua kufanya marekebisho kabla waombolezaji hawajajaa, ili wasiuone muhuri. Kando yake palikuwa na kiraka cha karatasi, kimekatwa tayari.

"Hicho hapana," alisema bila kugeuka. "Hicho ni cha hekalu. Bibi, nenda kaazime kwa jirani."

"Nikaazime cha jirani kwa ajili ya maiti? Nani atanipa? Wewe ungenipa?"

"Hakiwezi kuwekwa kichwa chini mbele ya watu. Muhuri tayari umetuaibisha vya kutosha."

"Muhuri siujui. Najua mtu hawezi kulala hivi hivi, ukuta mtupu nyuma yake, kama mgonjwa wa mafua."

"Bibi Tane, nakuheshimu, lakini..."

"Nami nakuheshimu, mwanangu, kwa hiyo funga mdomo unisaidie kubeba."

Chigusa alisikia neno moja tu katika yote hayo. Kulala. Mpaka nilale mbele yake. Alitazama kitambaa cheupe usoni mwa baba yake, kisha akainama akashika ukingo wa kiambaza.

"Kaka Matashiro," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akairudia. "Kaka Matashiro. Shika upande ule."

Matashiro aligeuka. Labda alikuwa hajawahi kusikia Chigusa akiamuru. Brashi ilikuwa mkononi mwake, imekwisha kunywa wino. Aliiangalia, akaangalia ule utupu kwenye karatasi, kana kwamba anapima kama ana wakati.

"Tafadhali," alisema Chigusa. "Baba alisema mpaka alale. Sasa amelala."

Akaiweka brashi.

Walikiinua pamoja, wakakigeuza, kichwa kikawa chini. Wakakisimamisha nyuma ya marehemu kwa mikunjo yake, kipande kimoja kikija mbele, kingine kikirudi nyuma, mpaka kikasimama chenyewe. Matashiro hakukitazama. Alirudi akakaa amegeuza uso, kama mtu anayengoja kuchekwa. Chigusa alipiga magoti karibu na kichwa cha baba yake kunyoosha kitambaa. Mwanga wa theluji ulikuwa ukiingia kupitia milango ya karatasi, mweupe, usio na kivuli.

Jambo la kwanza aliloliona ni muhuri. Ulikuwa chini, upande wa kulia, kwenye ukingo wa nje, umesimama wima. Gantei. Ulikuwa umekaa kwa adabu, karibu na mlango.

Akainua macho juu ya muhuri.

"Na huyu mzee," alisema Bibi Tane nyuma yake, "anakwenda wapi na baridi yote hii?"

Bata hakuwapo. Yale mabawa yaliyoinuka yalikuwa kofia pana ya nyasi, yenye ncha juu, iliyoteremka pande mbili. Chini ya kofia palikuwa na mwili wa mtu aliyeinama kidogo, anayetembea. Ule mguu mwembamba kama sindano ilikuwa fimbo yake, imekita chini. Na lile wingu lililopita juu ya bata ilikuwa njia, njia nyembamba ya ufukweni, nayo ilianzia pale pale karibu na muhuri, kiganja kimoja tu kutoka kichwa cha baba yake.

Macho ya Chigusa yalimfuata yule mtu. Mbele yake karatasi tupu haikuwa mbingu tena. Ilikuwa ziwa. Ule ukungu wa wino usioonekana ulikuwa maji, maji mengi, matulivu, na ndani yake milima ya Uchina ilisimama kichwa chini, na miamba yake ya pigo la shoka, na theluji yake, kama milima inavyosimama ndani ya ziwa lisilo na upepo. Ilikuwa vivuli tu. Kwa maisha yake yote alikuwa amechora vivuli vya milima ile, naye alilijua hilo kuliko waliomsema. Milima yenyewe ilikuwa juu zaidi, nje ya karatasi, mahali ambapo hakuna brashi inayofika, na yule mtu mdogo alikuwa ameinua ukingo wa kofia yake, anaitazama.

Na picha ilirudi nyuma. Jana ilianza na mapukutiko ikaishia kwenye theluji. Sasa jicho liliingia kwa kulia kupitia theluji, likavuka maji, likafika kwenye ule mti uliopukutika, likaona kwamba majani yake yaliyokuwa yakianguka yalikuwa yakipanda, yakirudi matawini.

Chigusa akashika mkono wa baridi wa baba yake, ndipo akaona kitu cha mwisho. Ile nundu. Mgongoni mwa yule mtu, nyuma ya bega, palikuwa na kichwa kingine, nukta tu ya wino, kimechungulia mbele kuona njia. Alikuwa amebeba mtoto.

Chigusa alilia kwa sauti, yeye ambaye hakuwa amelia tangu alfajiri. Bibi Tane alimwacha.

Kwa kishindo kile cha kilio Matashiro aligeuka. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha alitambaa kwa magoti mpaka mbele ya marehemu, akaweka paji la uso sakafuni, akabaki hivyo. Alipoinuka alichukua lile jiwe la wino, akafungua mlango, akaumwaga wino wote juu ya theluji. Ulitoboa shimo jeusi. Kiraka cha karatasi alikitia motoni.

"Nilimwambia amelewa," alisema.

"Mimi ndiye niliyesema amelewa," alisema Chigusa. "Wewe ulisema yuko chali."

"Naye akacheka."

"Alicheka sana."

Mtawa Mkuu Donkei wa hekalu alikuja adhuhuri kusoma sala. Alikuwa mzee mzito, asiye na haraka. Alianza kusoma, na katikati ya sala sauti yake ikapungua, ikapungua, ikakatika, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Ubani uliendelea kuungua peke yake. Baada ya kitambo akakohoa, akamalizia.

"Niliambiwa kuna marekebisho," alisema alipokuwa akinywa chai, bila kumtazama mtu.

"Hakuna, Mheshimiwa," alisema Matashiro. "Nilikitazama vibaya."

"Muhuri utakuwa juu chini kwenye ukumbi wangu. Wageni watauliza."

Matashiro alimtazama Chigusa. Bibi Tane naye. Chigusa aliona nyuso zote zimemgeukia. Akatazama ile njia nyembamba.

"Waambiwe mzee alikosea," alisema. "Wacheke, si kitu. Yeye hakukasirika. Lakini mtu wa mji akifa, Mheshimiwa, naomba jamaa zake wakiazime kiambaza hiki."

Mtawa aliweka kikombe chini. "Mtu yeyote?"

"Yeyote. Hata muuza figili."

Mtawa Mkuu aliinamisha kichwa chake chenye kipara mbele ya kiambaza, chini kabisa, kisha, chini vile vile, mbele ya Chigusa.

Ndivyo kinavyokaa hekaluni hadi leo, upande wa kushoto wa mwenzake. Siku za sikukuu watu hupanda kukitazama, husifu milima, wakifika kipande cha mwisho huonyeshana bata chali na muhuri uliosimama kwa kichwa, wakacheka. Chigusa akiwapo husimama nyuma yao, mikono ndani ya mikono ya vazi, kimya. Hawaelezi. Bibi Tane pia alikuwa akicheka nao, makusudi, kwa sauti kubwa kuliko wote, akimkonyeza.

Majira ya kuchipua, Bibi Tane alipolala, Chigusa ndiye aliyemmiminia maji ya moto juu ya baridi. Yeye na Matashiro walikileta kiambaza kutoka hekaluni, wakakigeuza. Wajukuu wa bibi, waliokuwa wamemcheka bata sikukuu iliyopita, walikuwa wakinong'onezana mlangoni. Mmoja wao akainua uso. Mnong'ono ukakatika, na chumba kizima kikawa kimya kama ziwa.